Mkasi Uliovuka Ukuta

Mama Mkasi hakupewa jina hilo kwa ubaya. Alilipata kazini, kwa mlio uliosikika mpaka barabarani kila alipokata karatasi ya vidonge. Mtu akija anataka viwili, anakatiwa viwili. Akitaka vinne, anapewa vinne, na hakuna anayemuuliza vya nini. Maduka mengine ya dawa mtaani hapo yalikuwa na feni na viti vya kusubiria, na moja lilikuwa hata na mizani ya kupima uzito bure. Yeye alikuwa na mkasi, na foleni ilikuwa kwake.

Mkasi wenyewe ulikuwa wa chuma kizito, vishikio vyake vimefungwa kitambaa ili visichubue kidole gumba. Aliununua enzi alipokuwa mfagizi wa zahanati, kabla hajajua kusoma majina ya dawa, kwa nesi mmoja aliyekuwa anastaafu na kuuza vitu vyake. Walivutana kutwa nzima. Nesi alitaka bei ya mkasi mpya, yeye alitaka apewe bure kama ukumbusho. Mwisho wakakutana katikati, na nesi, kwa kuchoka tu, akaongeza sanduku la bati. Sanduku hilo ndilo lililokuwa duka lake la kwanza: viwembe, sabuni na viberiti, akizunguka navyo nyumba kwa nyumba. Baadaye akaingia kozi ya wauza dawa, akafaulu, akapanga chumba na kutundika cheti ukutani kwa misumari minne, mahali ambapo mteja hukiona kabla hajauliza bei.

Kwenye kozi hiyo walifundishwa waziwazi kwamba dawa za antibiotiki haziuzwi kwa vipande, na kwamba bila cheti cha daktari hazitoki dukani. Mama Mkasi aliyasikiliza hayo kwa heshima zote, kama watu wanavyomsikiliza mgeni rasmi, akapiga makofi, akayaacha palepale darasani. Mtu mwenye uwezo wa vidonge viwili ukimwambia anunue kumi na tano hanunui kumi na tano, anavuka barabara. Na akishavuka leo kwa vidonge, kesho atavuka kwa pamba na dawa ya mbu. Mkasi ukaendelea kulia.

Chumba cha pili cha jengo hilohilo kilikuwa cha mumewe, mshona nguo. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mkewe pia. Kwenye ukuta uliowatenganisha walitoboa kidirisha cha ukubwa wa trei, cha kupitishia chai na maneno. Ndoa yao ya mchana iliishi hapo. Huku cherehani inaunguruma, kule mkasi unalia, na utani unapita katikati. Fundi alikuwa anautamani mkasi ule tangu siku ya kwanza. Alisema chuma kizuri namna hiyo kukata karatasi ni sawa na kumfunga ng'ombe wa maziwa mlangoni alinde nyumba. Mkewe alimjibu kwamba chuma hichohicho ndicho kilichojenga choo anachokwenda kila asubuhi.

Kilichovuruga mambo ni zipu. Fundi alikuwa anaishona kwenye sare ya shule, sindano ya cherehani ikampenya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kando ya ukucha, ikavunjikia humo. Akaichomoa kwa koleo, akafunga kitambaa, akamalizia zipu. Siku ya tatu kidole kikavimba. Akapitisha mkono dirishani, kiganja juu, kama anayeomba sukari. Mama Mkasi akakata viwili. Kesho yake viwili tena. Uvimbe ukashuka, Fundi akasahau.

Baada ya wiki tatu uvimbe ukarudi. Mkewe akabadili dawa, akakata vinne. Ukashuka. Ukarudi tena. Kila uliporudi yeye alipanda rafu moja juu, mpaka akafika ile ya mwisho ambako dawa hukaa na vumbi. Miezi mitano ilipita hivyo. Wateja wengine angalau aliwauliza wana umri gani na kama wamekula. Mumewe alimkatia kwa macho tu, maana ni wa nyumbani.

Mshona nguo anaweza kupoteza kidole chochote na maisha yakaendelea, lakini si hicho. Kidole cha shahada cha kushoto ndicho kinachosukuma kitambaa chini ya sindano. Ndicho kinachojua mshono umepinda kabla jicho halijaona. Kilipoanza kutoa usaha na kubadilika rangi pembeni, Fundi alishona suruali moja kwa siku tatu, na mwenye suruali akairudisha. Siku hiyo Mama Mkasi alifunga duka saa tano asubuhi, jambo ambalo hakulifanya hata wiki ya kujifungua, wakashika njia ya hospitali.

Daktari alikuwa mama mmoja mwenye haraka na mikono mepesi. Alikibonyeza kidole, akauliza wametumia dawa gani. Mama Mkasi akataja. Daktari akaandika. Akataja ya pili, na ya tatu. Kwenye ya nne daktari akaacha kuandika, akauliza kila moja ilitumika siku ngapi. Hapo Mama Mkasi akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hakuna iliyozidi siku mbili.

Daktari hakugomba. Alisema usaha utachukuliwa, utaoteshwa maabara, na utajaribiwa kwa dawa mbalimbali. Ikipatikana inayofaa, vizuri. Isipopatikana, kidole kitakatwa kabla ugonjwa haujashuka kwenye kiganja. Alilisema hilo la pili kwa sauti ileile ya la kwanza, kisha akaita mgonjwa mwingine.

Maabara ilikuwa mwisho wa korido, na mwenye zamu alikuwa bwana wa makamo, mwenye upara na miwani iliyofungwa kamba, ambaye mifuko ya koti lake ilijaa vichupa vitupu vikigongana kila alipotembea. Wagonjwa walimwita Bwana Vichupa, naye aliitika. Alipokuwa anachukua usaha alimkuta Fundi, pamoja na maumivu yake, anamkagua bega la koti na kutikisa kichwa. Mshono ulikuwa umefumuka. Fundi akamwambia alilete akarekebishe, kama mkono utabaki mzima. Kuanzia siku hiyo wakawa marafiki, na Mama Mkasi akawa shemeji.

Siku ya tatu Bwana Vichupa aliwaita dirishani kwake, akawaonyesha kisahani cha plastiki chenye kifuniko. Ndani mlikuwa na utando mweupe, kama ule wa juu ya maziwa yaliyolala. Juu ya utando kulikuwa na vidoti saba vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Akaeleza kwamba dawa ikifanya kazi, vijidudu hufa kukizunguka kidoti na pale hubaki duara safi. Mama Mkasi akainama. Kidoti cha kwanza kilikuwa kimekumbatiwa na utando mpaka ukingoni. Cha pili vivyo hivyo. Akaendelea na cha tatu, cha nne, cha tano, cha sita. Ni cha saba peke yake kilichokuwa na duara, tena si kubwa.

"Huyu mdudu wenu amesoma, shemeji," akasema Bwana Vichupa. "Kila mlipompa dawa nusunusu, waliokufa ni wanyonge tu. Waliobaki wakaishika kama somo, wakawarithisha watoto wao. Sasa yuko chuo kikuu."

Fundi akauliza ni nani aliyemlipia ada.

Mama Mkasi alikuwa bado ameinama juu ya kisahani. Dawa nne kati ya zile sita alizijua kwa majina, na alijua kila moja imekaa rafu gani.

Dawa ya kidoti cha saba ilikuwa ya sindano, mara moja kila asubuhi, siku kumi na nne bila kuruka hata moja, na ilitolewa hospitali tu. Daktari alisema baada ya hiyo hana nyingine mkononi. Watu wanatafuta dawa mpya, lakini dawa mpya huchukua miaka mingi, na kidole hicho kilikuwa na wiki chache tu.

Siku nne za kwanza Fundi alikwenda kama mwanajeshi. Siku ya tano usaha ukakauka. Ya sita uvimbe ukashuka kiasi kwamba aliweza kuvaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, na akashona kola mbili akipiga mluzi. Siku ya saba, saa mbili asubuhi ikapita, saa mbili na nusu ikapita, na cherehani bado inaunguruma. Mama Mkasi akachungulia dirishani. Mumewe alikuwa amezungukwa na sare za shule mpaka magotini.

Fundi akamwambia bila kuinua kichwa kwamba amepona. Foleni ya sindano inamla asubuhi nzima, wenye sare wanamsumbua. Kisha akaongeza kwamba huyo Vichupa si mtu mbaya, aombwe zile dozi zilizobaki, waziweke dukani, siku mbaya ikija wanazo.

Mama Mkasi aliyasikia maneno hayo kama mtu anayesikia sauti yake mwenyewe redioni. Yalikuwa yake, neno kwa neno. Ndiyo aliyowaambia wateja miaka yote: ukijisikia nafuu, bakiza, utakuja kuvihitaji.

Hakulia wala hakuhubiri. Alimjua mume wake. Ukimpandishia sauti anakuwa jiwe, ukimbembeleza anajifanya mgonjwa zaidi. Lakini hajazaliwa mtu asiyekuwa na bei, na yeye kazi ya kutafuta bei ya mtu ndiyo iliyomlea. Akaweka viwiko dirishani.

"Unataka nini?" akamuuliza.

"Kuhusu nini?"

"Siku nane zilizobaki, na ya leo ikiwemo. Sema unachotaka."

Fundi akacheka, akaona mwenzake hacheki, akaondoa mguu kwenye kanyagio. "Niletewe chai hapahapa kila siku, na nisisikie tena habari za choo."

"Chai utapata. Choo siwezi kukuahidi."

"Basi siendi."

"Taja kingine."

Macho ya Fundi yakapita juu ya bega lake, yakaenda kutua kwenye kaunta. "Mkasi."

Mama Mkasi hakugeuka kuutazama. Alijua ulipo, alijua uzito wake, alijua hata kitambaa cha vishikio kilibadilishwa lini. "Nitakuazima," akasema.

"Sitaki wa kuazima."

"Utakuwa wako siku kumi na nne zikitimia. Si kumi na tatu na sababu. Kumi na nne, na kadi iwe na sahihi ya nesi kila siku."

"Uje na kitambaa chake."

"Kitambaa nabaki nacho."

"Basi hata mkasi wenyewe sina haja nao."

"Chukua na kitambaa, baba watoto. Mjukuu wa mfanyabiashara hukuwa, umejifunzia wapi?"

"Kwako," Fundi akasema, akawa tayari anatafuta viatu. Mlangoni akasimama. "Sasa wewe utakatia vidonge nini?"

"Hiyo ni shida yangu. Nenda, foleni haikusubiri."

Alikwenda. Akaenda na siku ya tisa mvua inanyesha, na siku ya kumi na moja alipokuwa na harusi mbili za kushonea. Siku ya kumi na nne alirudi na kadi, akaipitisha dirishani, na mkewe akaikagua sahihi moja baada ya nyingine kama anayekagua noti. Zilitimia. Akaushika mkasi upande wa makali, akaupitisha vishikio mbele. Kidole kilikuwa kimebaki. Ncha yake haikukunjika tena vizuri na ukucha ulimea kombo, lakini kilikuwa chake. Walipopima tena hospitali, palikuwa safi.

Sasa Mama Mkasi alikuwa na duka, jina, na mikono mitupu. Angeweza kununua mkasi mwingine kwa jirani, hatua thelathini. Siku mbili za kwanza aliwaza kufanya hivyo, tuseme kweli. Wateja walikuwa wanakuja, wanasikia kwamba antibiotiki ni dozi nzima yenye cheti au hakuna, wanamwangalia kama mtu aliyeingiwa na homa, halafu wanavuka barabara.

Siku ya tatu akaja mwashi mmoja, mteja wake wa miaka, pua inachuruzika, anataka viwili kama kawaida. Mama Mkasi akamuuliza ana nini. Mafua. Kifua kinauma? Hapana. Homa? Hapana, pua tu. Akamwambia kwamba dawa anayoitaka haigusi mafua hata chembe, akinywa au asinywe yataondoka wiki hiyohiyo. Anywe vitu vya moto na alale mapema.

"Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unaniuzia nini?" mwashi akauliza.

"Subira," akasema Mama Mkasi. "Sasa naitoa bure. Ondoka kabla sijabadili nia."

Mwashi aliondoka anacheka, na jambo hilo likamfundisha Mama Mkasi kitu ambacho kozi nzima haikumfundisha: wengi waliokuja kwa viwili hawakuhitaji hata kimoja. Waliohitaji kweli walikuwa wachache, na hao ndio wa kufukuzana nao. Kwa hao akabuni njia yake. Yeyote aliyekuja na cheti na kuchukua dozi nzima aliandikiwa tarehe ya kumaliza nyuma ya karatasi ya vidonge. Akirudi siku hiyo na karatasi tupu, matundu yote yametobolewa, anapewa kipande cha sabuni. Siku hiyo, si kesho yake. Wapo waliojaribu kumimina vidonge kwenye kikombe na kuleta karatasi mapema, akawarudisha na karatasi zao. Wapo waliodai sabuni ni ndogo. Akawaambia wamwonyeshe duka linalotoa kubwa zaidi. Sabuni aliijua tangu enzi za sanduku la bati, alijua pa kuipata kwa jumla, na alijua kwamba mtu akija kuchukua cha bure haondoki bila kununua pamba. Baada ya miezi miwili foleni ilikuwa imerudi, fupi kidogo kuliko zamani, ila ya watu wanaonunua.

Mchana mmoja Bwana Vichupa akatokea, koti lake limeshonwa bega, akapita duka bila kusalimia, akazunguka nyuma ya jengo, akachuchumaa kwenye mtaro wa maji machafu na kuanza kujaza kichupa. Mama Mkasi akamfuata, mikono kiunoni.

"Shemeji, umefilisika au umekunywa?"

Bwana Vichupa akaeleza bila kuinuka. Mdudu wa Fundi hakutupwa. Wamemhifadhi kwenye friji ya barafu kali, ana namba yake, pamoja na wengine sugu kama yeye. Wapo virusi wadogo kuliko bakteria, ambao hawana habari na mtu, kazi yao ni kuwala bakteria tu, na wanapenda kukaa bakteria walipo wengi. Ndiyo maana yeye na wenzake wanazunguka mitaroni, kwenye machinjio, kwenye mabanda ya kuku, wanachota maji, wanayachuja, wanayajaribu juu ya wale wadudu wa kwenye friji. Huenda siku moja ikapatikana dawa humo, huenda isipatikane.

"Na huu mtaro ni wa nani?" akauliza Mama Mkasi.

"Wa serikali, nadhani."

"Nani anauzibua kila mvua ikinyesha?"

Bwana Vichupa akatazama kichupa, akatazama mwanamke, akajua ameingia sokoni. Walipatana palepale wakiwa wamesimama juu ya uvundo. Atachota atakavyo, ila kichupa kiandikwe jina la mwenye mtaro, na majibu yakitoka, mazuri au mabaya, aje ayaseme mwenyewe kwa mdomo wake. Na Fundi aruhusiwe kwenda kumwona mdudu wake. La mwisho hilo Fundi mwenyewe ndiye aliyelipigia kelele kupitia dirishani.

Wiki kadhaa baadaye walikwenda. Bwana Vichupa akatoa kisahani kama kile cha kwanza, utando uleule mweupe, namba ya Fundi pembeni. Lakini safari hii utando ulikuwa na matundu, madogo na ya mviringo, kama kitambaa kilichotobolewa na nondo. Maji ya mtaro wa Mama Mkasi ndiyo yaliyoyatoboa. Bwana Vichupa aliwaonya wasije wakatangaza mtaani kwamba mtaro unaponya watu. Hiki ni kisahani, si mwili, na kutoka hapo mpaka kwenye chupa ya dawa kuna kazi ya miaka, na vingi huishia njiani. Alisema hivyo kwa ukali, lakini miwani ilikuwa inamteleza kwa furaha.

Fundi alimtazama mdudu wake kwa muda mrefu. "Amekonda," akasema.

Mama Mkasi aliuliza swali moja tu, kama atarudi kuchota tena na lini, ili auzibue mtaro siku iliyotangulia. Akajibiwa asiuzibue kabisa, maji yakituama ndiyo mazuri. Akafurahi, maana kazi hiyo hakuwahi kuipenda.

Siku hizi maisha yao yamerudi kwenye mwendo wake. Fundi amejifunza kusukuma kitambaa kwa ubavu wa kidole badala ya ncha, na sare za shule zinatoka kwa wakati. Juzi aliingia dukani mama mmoja mgeni mtaani, akanong'ona juu ya kaunta kwamba ameelekezwa kwa Mama Mkasi, eti anakata hata viwili.

"Jina nimebaki nalo," akajibiwa. "Mkasi umehama. Una nini, dada?"

"Huwezi hata kuuazima mara moja?"

Mama Mkasi akageukia kidirisha, akauliza kwa sauti kama mkasi una nafasi. Upande wa pili cherehani ikanyamaza, ukasikika mlio ule wa zamani wa chuma ukikata uzi, mara moja, safi.

"Una kazi," Fundi akajibu, akakanyaga kanyagio.

Mama Mkasi akavuta kiti, akamwambia mgeni akae, aanze kueleza tangu mwanzo anapoumwa.